Mheshimiwa Anatangaza Maslahi

Dismasi Ruhomvya alikuwa diwani wa kata ya Nyakabondo. Kuifikia kata hiyo ukitoka Kigoma mjini unapita Mwandiga, unapita Kidahwe, kisha unaiacha barabara ya Kasulu na kushuka bondeni mpaka baiskeli inapokataa kukubeba na wewe unaanza kuibeba yenyewe. Kabla ya udiwani alikuwa fundi baiskeli, kazi iliyostawi sana kwa sababu ya barabara hiyo. Hakupata kuahidi kuitengeneza.

Alichaguliwa mwaka tisini na nne. Mpinzani wake alikuwa mwalimu mstaafu, msomi, mwenye suti, ambaye katika utumishi wake alikuwa amewachapa viboko nusu ya wapiga kura, na hiyo nusu haikusahau. Dismasi hakuwa amemchapa mtu. Sera nyingine hakuwa nayo.

Udiwani wenyewe ulikuwa kazi ya kuzika, kusalimia, na kusema neno moja: namfahamu. Miaka ile Kigoma ilikuwa na watu wengi kuliko ilivyozoea. Warundi walishuka milimani na magodoro vichwani. Wakongo walivuka ziwa, wakaingia Kibirizi kwa maboti yaliyokuwa yakipokea dagaa asubuhi na wakimbizi mchana. Magari meupe ya misaada yalipita yakitimua vumbi, na nyuma yake vikaja vizuizi vya askari, ambao kazi yao ilikuwa kumtenga Mha na Mrundi. Ilikuwa kazi ngumu. Majina yetu ni yale yale, ugali wa muhogo ni ule ule, na lugha zinaelewana kiasi kwamba hata matusi hayahitaji mkalimani. Cheti cha kuzaliwa kilikuwa kitu cha watu wa Dar es Salaam, kama barafu. Kwa hiyo aliyetiliwa shaka alitafutiwa mtu mzima wa kuaminika aseme: huyu namfahamu, baba yake fulani, kaburi la babu yake liko mahali fulani. Yakisemwa hayo, mambo yamekwisha. Askari alipumua, mtuhumiwa alipumua, kila mtu akaenda zake.

Dismasi alilisema neno hilo vizuri kuliko mtu yeyote katika kata. Alilisema polepole, huku akimtazama askari machoni.

"Wewe unawafahamu watu wengi kuliko Mungu," mkewe Veneranda alimwambia siku moja alipotoka kumsemea mchunga ng'ombe mmoja kule kizuizini. "Yule ulimfahamia wapi?"

"Aliwahi kuleta baiskeli, gurudumu lilipinda."

"Ndiyo ukajua kaburi la babu yake?"

"Babu kila mtu anaye, mama. Na babu hawezi kukosa kaburi."

Mtu ambaye hakuwahi kuhitaji kusemewa alikuwa Melania. Mama mzazi wa Dismasi alifariki mtoto akiwa bado anatambaa. Baba yake, baada ya matanga ambayo majirani waliyaona mafupi, alivuka kwenda upande wa Makamba na kurudi na msichana. Ilikuwa kabla ya Uhuru, na wakati huo mpaka ulikuwa jambo la kwenye ramani, na ramani walikuwa nayo Wazungu. Msichana huyo ndiye Melania. Siku aliyofika alimkuta mtoto analia, akamfunga mgongoni, akaenda naye kuchota maji. Yeye mwenyewe alizaa, lakini watoto hawakukaa. Akabaki na huyo mmoja wa mgongoni, na kata nzima ikamwita Mama Dismasi. Mume alipofariki aliendelea kuishi katika nyumba yake bondeni, na kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekamua mawese yaliyokaangiwa chakula cha nusu ya Nyakabondo. Mwenyekiti wa kijiji alikula mawese yake. Hata mwalimu mstaafu mwenye suti aliyala.

Mwaka tisini na saba, kabla mvua hazijaanza, madiwani waliitwa mjini kwenye semina ya maadili na utawala bora.

Semina ilifanyika katika ukumbi wa parokia, na mwezeshaji alitoka mbali. Neno mwezeshaji lilikuwa jipya. Dismasi alidhani ni cheo, akamwamkia shikamoo mtu mdogo kwake kwa umri. Kulikuwa na bango kitita, yale makaratasi makubwa yanayofunuliwa kwa nyuma, na kila karatasi lilikuwa na dhambi moja iliyoandikwa kwa kalamu nene: upendeleo, rushwa, kuingilia watendaji. Mchana kulikuwa na wali, nyama na soda. Nje ya ukumbi, malori yaliyosheheni watu yalipita yakielekea Kasulu, na mwezeshaji alinyamaza kwa adabu kila lilipopita moja, kama padri anayesubiri mtoto amalize kulia.

Siku ya mgongano wa maslahi ndiyo iliyombadilisha Dismasi. Mwezeshaji alieleza kwamba diwani akiwa na ndugu katika jambo linalojadiliwa, anasimama, anatangaza maslahi yake, anatoka nje, na harudi mpaka aitwe. Wenzake wanaamua bila yeye. Hapo haki imetendeka, na imeonekana ikitendeka.

Mwasiti, diwani wa viti maalumu kutoka Ujiji, alinyoosha mkono.

"Mwezeshaji, samahani baba. Kwetu Ujiji ukirusha jiwe linampata shemeji yako, likimkosa linampata binamu. Sasa wenye ndugu tukitoka wote, kikaoni anabaki nani? Viti?"

Ukumbi ulicheka. Mwezeshaji akasema kwamba hilo ni swali zuri sana, Mheshimiwa, kama wasemavyo wawezeshaji wote wasio na jibu. Akaandika neno "akidi" kwenye pembe ya karatasi, na chakula kikaletwa.

Baada ya chakula wakafanya igizo. Dismasi alipewa nafasi ya diwani ambaye shemeji yake anaomba zabuni ya soko. Alisimama, akajifunga kifungo cha koti, akasema kwa sauti yake ya kizuizini: "Mheshimiwa Mwenyekiti, natangaza kwamba nina maslahi katika ajenda hii. Naomba kutoka nje." Akatoka. Akasimama barazani kwenye jua kali, akasikia ndani wanampigia makofi.

Alikuwa mtu wa darasa la saba. Alikuwa ameshapigiwa makofi kwa kuingia mahali, kwenye kampeni, na wakati mwingine kwa kunyamaza. Kupigiwa makofi kwa kutoka ilikuwa mara ya kwanza. Mwezeshaji alisema mbele ya wote kwamba Mheshimiwa wa Nyakabondo ndiye mfano. Walipofunga, kila mmoja alipewa cheti chenye mihuri, na Dismasi alikifunga cha kwake kwa nailoni ya mfuko wa saruji kisije kikaloana njiani. Kilitundikwa sebuleni, juu ya picha ya harusi.

Mvua za kwanza zilipoanza ikaja amri. Wageni wote wanaoishi vijijini wapelekwe makambini, wawe wamekuja juzi au wamekuja zamani. Wanajeshi walianzia mpakani wakishuka. Kila kata ilitakiwa kukaa kikao kimoja, mbele ya afisa, kuamua nani ni wa kwetu na nani si wa kwetu. Mwenyekiti wa kikao ni diwani.

Nyakabondo ilipangiwa Alhamisi. Asubuhi hiyo Melania alikuja nyumbani kwa Dismasi akiwa amejifunga kitenge cha kanisani. Alikuwa ameambiwa na mtendaji wa kata, Martini, kwamba na yeye ataitwa. Martini alikuwa ameinamisha kichwa wakati anamwambia.

"Mwakeye, mwana wanje," alimsalimu mwanawe kwa Kiha, kisha akaingia jikoni bila kukaribishwa, akafunua sufuria, akalifunika tena. "Veneranda, chumvi hii ni ya ng'ombe?"

"Mama, umekuja kukagua sufuria au umekuja kwa shauri lako?" Veneranda aliuliza.

"Shauri gani? Nitaitwa, Dismasi atasema, nitarudi. Nimeacha chikichi motoni."

Dismasi alikuwa anafunga kamba za viatu, na kwa mtu aliyevaa viatu vya kamba kwa sherehe tu, ilikuwa shughuli ndefu. Alisema bila kuinua uso, "Mama, mimi sitasema. Taratibu haziniruhusu. Nitatangaza maslahi, nitatoka. Wenzangu watasema."

Melania alimtazama Veneranda, kama mtu anayeomba tafsiri.

"Atatoka," Veneranda alitafsiri.

"Atatoka aende wapi?"

"Nje."

"Anaumwa tumbo?"

"Mama, ni utaratibu," Dismasi alisema. "Wote mle ndani wanakufahamu. Pastory mwenyewe, mwenyekiti wa kijiji, umemkaangia mihogo tangu hana meno. Nikisema mimi, afisa atasema diwani anapendelea mama yake. Na wale wengine wote nitakaowasemea ataanza kuwatilia shaka. Wakisema wao, ni haki."

"Kikao ndicho kitamsemea mama?" Veneranda aliuliza.

"Kikao."

"Kikao kina mdomo?"

Dismasi alisema kwamba yeye hakukaa semina bure. Hilo lilikuwa kweli, ila si kweli yote. Afisa alikuwa anatoka wilayani. Dismasi alitaka, kwa sehemu ndogo ya moyo ambayo hakuichunguza sana, afisa huyo amwone akisimama na kutoka vile alivyosimama na kutoka siku ile, na arudi mjini akasimulie.

Melania hakubisha. Alishawaona wanaume wengi wakijifunza mambo mjini, na kwa uzoefu wake yaliwaisha baada ya muda. "Haya," alisema. "Bora chikichi zisiungue."

Kikao kilifanyika katika darasa la nne la shule ya msingi, wajumbe wamekaa kwenye madawati magoti yakigusa kidevu. Madirisha hayakuwa na vioo, hayajawahi kuwa navyo. Nje, chini ya paa la baraza, walikaa waliotakiwa kuitwa. Nyuma ya shule lori lilikuwa limeegeshwa tayari, jambo lililowapa wajumbe wazo kwamba lazima lijae. Afisa alikuwa kijana mwenye miwani ya jua ambayo hakuivua hata ndani. Alikuwa na heshima. Alimwita kila mtu mzee, pamoja na wanawake.

Wa kwanza kuitwa alikuwa yule mchunga ng'ombe mwenye gurudumu lililopinda. Jina lake Adolf.

"Nani anamfahamu?" afisa aliuliza.

"Namfahamu," Dismasi alisema, polepole, akimtazama kwenye miwani. "Babu yake kazikwa ng'ambo ya mto, karibu na mgomba mkubwa."

"Mzee, unatoka salama," afisa alimwambia Adolf. Adolf alitoka akiwa na uso wa mtu aliyepewa babu asiyemtarajia.

Wakaendelea hivyo. Wengine walisemewa, wengine hawakusemewa, na ambao hawakusemewa walipelekwa nyuma ya shule. Kisha Martini akataja jina la Melania, akakohoa.

Lipo jambo ambalo mwezeshaji hakulijua, kwa kuwa alitoka mbali, na ambalo Dismasi alilijua tangu utoto. Katika mabaraza ya bondeni mtu wako anapoitwa kuulizwa, wewe unakaa. Hata kama ni mwizi, hata kama unaona aibu mpaka masikio yanawaka, unakaa umeinama, na kukaa kwako ndiko kunakosema huyu ana kwao. Anayeinuka na kutoka amemtupa. Amewaambia waliobaki: si wetu, mfanyeni mtakavyo. Baba yake Dismasi aliwahi kukaa mchana kutwa kwa ajili ya mpwa aliyeiba mbuzi, na mbuzi mwenyewe alikuwepo barazani, analia. Dismasi alikuwa pale, mtoto, na aliambiwa maana yake. Lakini hayo alikuwa ameyaweka upande wa mambo ya baraza. Hiki kilikuwa kikao. Kilikuwa na ajenda.

Alisimama, akajifunga kifungo cha koti.

"Waheshimiwa wajumbe, natangaza kwamba nina maslahi katika ajenda hii. Naomba kutoka nje."

Wajumbe wa kamati hawakuwa wamekwenda semina. Semina ilikuwa ya madiwani tu, bajeti haikutosha. Walimtazama akitoka kama wanavyotazama nyumba ya mtu ikiungua. Hakuna aliyepiga makofi.

Mlangoni alipishana na Melania akiingia.

"Ndiyo unatoka?" alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Ndiyo utaratibu, mama. Usiogope."

"Mimi siogopi," Melania alisema, na mara ya kwanza siku hiyo alionekana kuogopa.

Dismasi alisimama barazani. Kwa sababu ya madirisha yasiyo na vioo, alisikia kila kitu.

"Nani anamfahamu huyu mzee?" afisa aliuliza.

Kimya. Dawati lililia. Pastory, mwenyekiti wa kijiji, alisafisha koo, na Dismasi akangoja neno lije. Halikuja. Pastory alikuwa anasafisha koo tu.

"Mzee, ulizaliwa wapi?"

"Makamba."

"Makamba ni Burundi."

"Siku hizo palikuwa Makamba tu."

"Una nani hapa?"

"Nina mwanangu. Huyo aliyetoka."

Kisha sauti ya afisa, bila ukali, kama daktari. "Aliyetoka, mzee, ametoka."

Pale barazani palikuwa na hatua chache tu hadi mlangoni. Dismasi alizipima kwa macho. Lakini kanuni ilisema anayetangaza maslahi harudi mpaka aitwe, na aliona wazi, kwa akili ya semina, kwamba akirudi kabla ya kuitwa ataharibu kila kitu: wataandika kwamba diwani alivamia kikao kumtetea mama yake, na hapo mama atapotea kabisa. Akangoja aitwe. Alingoja vizuri sana, mikono nyuma, na watu waliokuwa wanasubiri zamu zao walimpisha nafasi kubwa kuliko ilivyohitajika.

Martini alitokeza kichwa. "Mheshimiwa, unaweza kurudi. Ajenda yako imekwisha."

"Wamesemaje?"

Martini aliinamisha kichwa. Kwa mlango wa pili wa darasa, Melania alikuwa anaongozwa nyuma ya shule, anarekebisha kitenge.

Dismasi aliingia ndani kwa kasi iliyomshangaza mwenyewe. "Afande, kumekuwa na makosa. Yule ni mama yangu. Namfahamu. Amenilea."

Afisa alivua miwani. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu asiyelala. "Mheshimiwa, sasa unaniweka pabaya. Ulitangaza maslahi. Nilikusikia, na kwa kweli nikakuheshimu. Mtu mwenye maslahi hawezi kuzungumzia ajenda, wala kuifungua ikishafungwa. Au si ndivyo?"

Ndivyo ilivyokuwa. Ilikuwa kwenye karatasi la bango kitita, chini kabisa.

Dismasi akamgeukia Pastory. "Pastory! Wewe! Mawese yake umeyala tangu utoto!"

Pastory alikuwa mtu mpole, na upole ukimtoka mtu mpole hutoka wote. "Unanipigia kelele mimi? Wewe uliyelala mgongoni mwake umeinuka ukatoka, mbele yetu wote, koti umefunga! Tungesemaje? Tulidhani unajua kitu. Tulidhani umeambiwa mjini umtoe. Mtu akimtupa wake, mimi jirani nimwokote nimpeleke wapi?"

"Sikumtupa! Nilitangaza maslahi!"

"Ndiyo nini hiyo?" Pastory aliuliza, na alikuwa anauliza kweli.

Dismasi alifungua kinywa, akakuta ndani yake yamo maneno ya mwezeshaji peke yake, na hayo yote yalikuwa ya zabuni ya soko.

Lori liliondoka alasiri hiyo hiyo. Veneranda alikuwa amepata habari akiwa shambani, akaja mbio na galoni la mawese kichwani na blanketi, akavisukuma juu ya bodi ya lori mikononi mwa Melania. Kwa mumewe hakusema kitu, na hakusema kitu kwa siku nyingi baadaye. Alimpikia, akamwekea, akaondoka.

Melania alikuwa amekaa kati ya wanawake wawili asiowajua. Alimwona Dismasi, akamwita kwa jina zima, jambo alilolifanya wakati wa viboko tu.

"Dismasi. Ulitoka kwa nini?"

"Mama, nilidhani..."

Injini ikawaka. Alichodhani hakikusikika.

Alikwenda mjini, kwenye ofisi moja na nyingine. Katika ofisi ya mwisho alipokewa na bwana mstaarabu aliyemkalisha na kumwagizia chai, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamkumbusha, kwa upole, kwamba diwani haruhusiwi kuingilia kazi za watendaji. "Hamkufundishwa kwenye semina?" aliuliza. Dismasi alisema walifundishwa. "Basi," yule bwana alisema, na akaonekana kufurahi kwamba semina zinasaidia.

Ilibaki kambi yenyewe. Alikwenda kwa baiskeli, akalala njiani kwa watu, akafika ametota. Kambi ilikuwa mji wa nailoni juu ya matope mekundu, na moshi wa kuni mbichi ulikuwa umelala juu yake. Getini palikuwa na kibanda cha karani, na askari aliyeegemea nguzo. Wenyeji hawakuruhusiwa kuingia, ila aliyeitwa angeweza kuletwa mpaka kwenye kamba. Wakamleta Melania. Alikuwa amepungua. Kitenge cha kanisani alikuwa bado amekivaa, rangi yake ya chini sasa ilikuwa matope.

"Wewe ni nani wake?" karani alimuuliza Dismasi.

"Mwanawe."

Karani alichukua kalamu, akaonyesha hamu ya kazi kwa mara ya kwanza. "Mwanawe. Sasa wewe unaishi wapi, na kwa kibali gani? Mtoto wa mkimbizi naye si ni mkimbizi?"

"Mimi ni Mtanzania. Ni diwani."

"Diwani, mama yake Mrundi." Karani alimtazama askari. Askari aliiacha nguzo, akasimama kwa miguu yake yote miwili.

Dismasi aliona jinsi mambo yatakavyokuwa. Angehitaji mtu wa kumsemea, na wa kumsemea alikuwa ng'ambo ya kamba.

Melania naye aliona. Alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya sokoni, akimwambia karani na si mwanawe: "Mtoto gani? Mimi watoto wangu wote walikufa, muulize Mungu. Huyu ni diwani wa kule nilikokamatwa. Nilikuwa namuuzia mawese. Ana maneno matamu, huwaita wanawake wote mama, anatafuta kura."

Askari alicheka. Karani alishusha kalamu. "Kweli, Mheshimiwa?"

Mvua ilikuwa inanyesha juu ya nailoni kwa kelele, na kwa muda Dismasi angeweza kudai kwamba hakusikia swali. Melania alikuwa anamtazama. Uso wake haukuwa na hasira, ulikuwa uso wa mtu anayemsubiri mtoto ameze dawa.

"Ndiyo," alisema. "Mimi ni diwani."

"Basi ongeeni kidogo tu. Ungesema mapema."

Karani aliandika. Melania alisogea kwenye kamba na kushusha sauti, akaingia Kiha. "Una watoto. Wakikuweka huku, nani atawalisha? Usirudie tena upuuzi huo."

"Mama, nitakutoa. Nitaandika kwa..."

"Chikichi za kule karibu na mto, nani anakata?"

"Hakuna."

"Zitaoza. Mwambie Veneranda akate, asimpe Pastory kwa nusu, Pastory anaibia. Na mtungi mdogo una ufa, asiweke mafuta ya moto." Alifikiri kama kuna kingine. "Hapa wanatupa mahindi. Meno yangu hayataki mahindi. Ukija leta muhogo."

Alipeleka muhogo mara moja, na mara nyingine. Kati ya safari hizo alikaa vikao, alizika, alisalimia. Kule vizuizini walipomwita aje kumsemea mtu, alikwenda na kusema. Watu walisema sauti imepungua, lakini askari waliendelea kuikubali.

Masika yalipofika kambini kuliingia kuhara. Dismasi alifika na kifurushi cha muhogo mwezi wa tatu. Alikuwa bado hajashuka kwenye baiskeli karani alipomwambia, kwa huruma ya kawaida, kwamba yule bibi wa mawese alishazikwa, Jumapili iliyopita, pamoja na wengine.

Dismasi aliegemeza baiskeli kwenye kibanda. Ikaanguka. Akaiinua, akaiegemeza tena.

"Naomba nionyeshwe kaburi."

"Kaburi tunawaonyesha ndugu, Mheshimiwa."

"Mimi ni ndugu. Ni mwanawe."

Karani alikuwa kijana mwema, na hakutaka kubishana na mtu mzima aliyelowa. Alifunua daftari nyuma, akatafuta kwa kidole, akaligeuza ili Dismasi asome mwenyewe. Ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko mzuri, na tarehe, kwamba mgeni aliyemtembelea si jamaa.

"Ulisema mwenyewe," karani alisema. "Mimi nikaandika."

Alimwachia muhogo wagawane walio hai, akageuza baiskeli. Barabara ya kurudi ilikuwa mbaya, na sehemu kubwa aliibeba.